Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Wazazi wenzangu tulioko Marekani, leo tuambizane ukweli. Mtoto akikubaliwa chuoni inafuata barua: amepata msaada wa dola 30,000. Vigelegele, simu nyumbani, pilau. Barua yenyewe hatujaisoma.

Tuisome. Katika barua nyingi za aina hii ruzuku na mikopo huorodheshwa pamoja, kisha vyote hujumlishwa na kuitwa msaada. Pell ni ruzuku, hairudishwi, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 haizidi dola 7,395. Lakini ule mstari wa PLUS ni mkopo, tena si wa mtoto. Ni wako wewe baba, wewe mama. Mikopo ya PLUS iliyotolewa kati ya Julai 2025 na Juni 2026 ina riba ya asilimia 8.94, na kabla hela haijafika chuoni hukatwa ada ya zaidi ya asilimia 4. Mtoto akiacha masomo, deni ni lako. Akihitimu akakosa kazi, deni ni lako.

Kuuita mkopo msaada ni kutuchezea. Nasi tumekubali kuchezewa kwa sababu ya sifa: tunataka isemwe kwamba mtoto wa fulani yuko chuo chenye jina.

Mtanijibu kwamba elimu haina bei. Ina bei, na imeandikwa kwenye barua hiyo. Sheria ya mwaka 2025 imewawekea wazazi wanaoanza kukopa PLUS kuanzia Julai 2026 kikomo cha dola 65,000 kwa kila mtoto. Kwa mzazi wa miaka 55 anayefanya kazi mbili, hata hizo zitamfuata hadi uzeeni.

Basi tufanye nini? FAFSA ijazwe mapema. Ni bure, usimlipe mtu. Mtoto atangulize mkopo wake wa serikali, wenye riba ndogo kuliko PLUS. Na si aibu kuanza miaka miwili katika chuo cha karibu, akilala nyumbani.

Harusi tunachangiana, misiba tunachangiana. Tushindwe kukaa jioni moja, wanaojua Kiingereza cha mabenki na wasiokijua, tukasoma barua za watoto wetu mstari kwa mstari kabla hatujatia saini? Pilau lisubiri.