Nyaraka za kaunti haziombwi kama sadaka

Kitenzi "kuomba" kimebebeshwa mzigo mzito kupita kiasi katika Kiswahili. Tunamwomba Mungu, tunaomba radhi, tunaomba chumvi kwa jirani, na maskini aketiye kando ya barabara naye huomba. Kwa hivyo raia anayeandika "naomba kwa unyenyekevu nipewe nakala ya bajeti ya wadi yetu" huwa amekwisha kujiweka katika safu ya waombaji kabla barua yake haijafika mezani. Karani, ambaye naye ni msemaji hodari wa lugha hii hii, humpokea vivyo hivyo. Humwambia arudi kesho. Akirudi, humwuliza ni nani aliyemtuma.

Swali hilo la mwisho ndilo ningependa tulitafakari, sisi walimu na wanafunzi, kwani sheria imekwisha kulinyang'anya uzito wake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 96, ikalirudia jambo hilo kwa kuzilenga kaunti zenyewe. Kisha ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inasema bayana kwamba haki hii haiathiriwi na sababu aliyo nayo raia, wala na ile ambayo afisa anamdhania kuwa nayo. Mtu anaweza kutaka kuuona mkataba wa ujenzi wa darasa la chekechea kwa kuwa mwanawe husoma hapo, au kwa kuwa ana ugomvi na mkandarasi, au kwa udadisi mtupu. Yote ni mamoja.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mawakili na wanahabari. La hasha! Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti 47 zikichukua nafasi ya mabaraza 175 ya miji na wilaya, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viliwekwa chini ya kaunti. Mshahara wa mwalimu wa chekechea, muda wa kandarasi yake, idadi ya madarasa yaliyokusudiwa kujengwa na yale yaliyojengwa kweli: yote hayo yamo katika nyaraka za kaunti. Fauka ya hayo, kaunti nyingi zimekuwa zikitoa basari. Mnamo Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti zisitishe utoaji huo hadi zitakapokuwa na makubaliano rasmi na serikali kuu, makelele yalisikika kila pembe ya nchi. Kila mtu alitetea au kupinga basari. Ni wangapi miongoni mwa waliobishana waliokuwa wameona, kwa macho yao, jedwali la wadi moja tu linaloonyesha ni wanafunzi wangapi walifaidika, katika shule gani, na kwa kiasi gani cha fedha?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha sekondari, alijaribu kuliona jedwali la namna hiyo katika kaunti ambayo sitaitaja. Alikuwa na watoto wawili darasani mwake, yatima wote wawili, waliojaza fomu za basari mara tatu bila kupata hata senti. Alikwenda katika ofisi za kaunti siku nne mbalimbali. Siku ya kwanza aliambiwa faili "haionekani". Siku ya pili "inashughulikiwa". Siku ya tatu "haijapatikana". Siku ya nne akaambiwa kwamba faili "ilihamishwa", na aliyesema hayo hakutaja ni nani aliyeihamisha wala ilipelekwa wapi. Wale watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo siku chache baadaye.

Mtaniwia radhi nikiingiza isimu kidogo hapa. Majibu yale manne yana sura moja. Kila kitenzi kimeundwa ili mtendaji asionekane. Faili haionekani, kana kwamba ina hiari ya kujificha. Inashughulikiwa, lakini si na mtu. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kauli za vitenzi, na kauli ya kutendeka na ya kutendwa zina kazi zake njema. Lakini mahali ambapo wajibu unatafutwa, zinaweza kuwa maficho mazuri kuliko kabati lolote la chuma. Dawa yake ni kumrudisha mtendaji katika sentensi. Nani aliishika mara ya mwisho? Nani ameamua nisipewe? Karani hawezi kuulizwa hivyo kwa mdomo mlangoni na akajibu. Akiulizwa kwa maandishi, mambo hubadilika, kwa sababu sheria imempa siku 21 za kujibu, na anyamazapo siku hizo zikapita, kimya chake huhesabiwa kuwa ni kukataa.

Hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Mazungumzo ya mlangoni hayaanzishi hesabu ya siku, barua huianzisha. Na barua yenyewe haihitaji ufundi wa ajabu. Sheria inataka iwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili (natilia mkazo neno la mwisho), na iwe na maelezo ya kutosha kumwezesha afisa kuelewa ni kitu gani kinachotakiwa. Kaunti ikiwa na fomu yake, ni sawa, lakini ombi haliwezi kutupwa kwa sababu tu halikujazwa katika fomu hiyo. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, akifika ofisini ni wajibu wa afisa kumsaidia na kuyaandika maneno yake, kisha ampe nakala. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Kinacholipiwa ni gharama halisi ya kutoa nakala.

Linalowashinda wengi ni kulitaja kwa jina lake lile wanalolitaka. Ukiandika kwamba unataka "habari zote kuhusu maendeleo ya kaunti", umempa afisa sababu njema ya kuduwaa. Nyaraka zina majina na zina misimu, kama mazao ya shamba. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Taarifa ya mkakati wa fedha, kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti, kufikia Aprili 30. Upo pia ule mpango mkubwa wa miaka mitano. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti kuhusu kila kaunti huchapishwa, na mtu anaweza kuzisoma kwenye intaneti bila kumwandikia yeyote. Ni busara kuanzia huko, kwani mara nyingi humo ndimo utakamopata jina kamili la mradi na mwaka wake wa fedha. Ukiisha kuyapata hayo, andika kwa katibu wa kaunti, ambaye ndiye mkuu wa utumishi wa umma katika kaunti. Kama ni kumbukumbu za mijadala ya madiwani, andika kwa karani wa bunge la kaunti. Peleka nakala mbili, na ile utakayorudi nayo igongwe mhuri wenye tarehe. Bila mhuri, siku 21 hazina mwanzo.

Afisa anaweza kuongeza siku zisizozidi 14, mara moja tu, ikiwa kazi ni kubwa. Akigundua kwamba habari ziko katika ofisi nyingine, ana siku tano za kulihamishia ombi huko. Akikataa, au akinyamaza, raia ana siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman, na tume hiyo ina uwezo wa kuamuru nyaraka zitolewe. Mahakama nazo zimekwisha kuonyesha njia. Mnamo Mei 2022 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliiamuru serikali kuu itoe mikataba ya reli ya kisasa, baada ya watetezi wawili wa haki walioiandikia kunyimwa. Ikiwa mkataba wa reli ulidaiwa kwa barua, seuze orodha ya madawati!

Si kila kitu kitatolewa, na haifai kitolewe chote. Sheria inalinda usalama wa taifa, mambo ya faragha na mengineyo. Sipendi kuona majina ya watoto mayatima yamebandikwa ukutani ili sisi wengine turidhike kwamba fedha zilifika. Lakini jedwali linaloonyesha idadi, shule na viwango vya fedha halimvui mtoto yeyote nguo. Afisa anayeficha jedwali zima kwa kisingizio cha majina anaweza kuyafunika majina na kutoa yaliyosalia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, ila limefungiwa.

Nimekwisha kugusia lugha, na hapo nina lalamiko langu. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, ilhali nyaraka za bajeti ninazoziona huandikwa kwa Kiingereza kizito ambacho hata mwenye shahada hukisoma kwa jasho. Barua ya Kiswahili itakayopokewa na kujibiwa italazimisha ofisi ianze kufikiri kwa Kiswahili kuhusu fedha. Barua hizo zikiwa mia, istilahi zitapatikana zenyewe.

Ndiyo maana nawageukia walimu wenzangu wa Kiswahili. Barua rasmi tunayowafunza wanafunzi ni ile ya kuomba kazi, miaka nenda miaka rudi. Kwa nini kipindi kimoja kisitumiwe kuandika barua ya kutaka waraka mmoja wa kaunti, unaotajwa kwa jina na mwaka wake, bila "kwa unyenyekevu" wala "nitashukuru sana mkinihurumia"? Badala ya "naomba" mwanafunzi aandike "kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba, nataka kupewa", na mwalimu aone kama mkono wake utatetemeka. Barua iliyo bora darasani mwalimu aitie sahihi, aipeleke yeye mwenyewe, na kugongesha mhuri. Ikipelekwa wiki ya kwanza ya Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka utakuwa umekwisha kufika bungeni, na jibu, au kimya, litaweza kusomwa darasani kabla muhula haujafungwa.