Kutuma si kufika

Jamani wadau, leo nina la moyoni. Juzi nilikuwa natuma alama za wanafunzi wangu wa field kwa programu niliyoiandika kwa Python. Ikasema "imetumwa", nikazima laptop, nikaenda kula. Kumbe alama 12 kati ya 40 hazikufika! Mtoto wa watu angeonekana hakufanya mtihani.

Kwenye asyncio, write() huiweka data kwenye bafa na kuendelea na mengine. Hata drain() husubiri bafa ipungue tu, haisemi mwenzako kapokea.

Msimamo wangu: tusiandike "imetumwa" mpaka upande wa pili ujibu "nimepokea 40". Sisi walimu watarajiwa tunajua, kufundisha si kueleweka. Au mnasemaje? Ngoja niwahi lekcha.