Ukuta Wetu, Sitara ya Jirani



Mama yetu mzazi alipopatwa na kiharusi, ndipo tulipoujua udhaifu wa nyumba yetu. Mlango wa ua ulipitisha mtu mmoja mmoja, na gari lilikomea njiani. Kila siku ya kliniki tulimbeba juu ya kiti hadi garini, naye akijifunika uso kwa buibui asitazamwe na wapita njia. Hatimaye tukaazimia kubomoa kipande cha ukuta wa ua, ili gari liingie mpaka barazani.

Ukuta ni wetu, umo ndani ya kiwanja chetu. Kaunti tuliiomba idhini, ikatoa. Fundi akaja, akatia alama kwa chokaa. Hapo mama wa nyumba akatuuliza, "Na Bi Mkubwa wa ng'ambo ya njia, mmemwambia?"

Tukanyamaza. Jirani huyo alifiwa na mumewe, na wakati ule alikuwa katika eda. Uwanja wake unaelekeana na ua wetu, na ukuta wetu ndio uliomsitiri alipokuwa akifua na kupika. Lau tungeubomoa siku ile, kila mgeni na kila dereva wetu angemwona uso kwa uso.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba katika ukuta wa shirika, mshirika mmoja hana ruhusa hata ya kupigilia kigingi bila ya idhini ya mwenziwe. Wetu haukuwa wa shirika. Lakini hati ya kiwanja hukata shauri la milki tu, haikati shauri la ujirani. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na si kila dhara huonekana kwa macho. Mwanamke aliyezoea kukaa uwanjani kwake kwa utulivu, akalazimika kujifungia ndani, amenyang'anywa kitu kisichoandikwa katika hati yoyote.

Mama wa nyumba akaenda kuzungumza naye, akarudi na jibu: "Mwambie Sheikh, mama yake ni mama yangu. Na abomoe, lakini naomba sitara yangu itangulie."

Basi tukaanza na sitara. Tulisimamisha boriti za mikandaa na kuziba kwa makuti mbele ya uwanja wake, na alama ya chokaa tukaisogeza hatua tano, isielekeane na mlango wake. Kisha fundi akabomoa. Ncha mbili za ukuta alizitilia nguzo za zege zenye nondo, kwani ukuta uliokatwa hupungua nguvu, na lango zito huuvuta. Alichimba pia mfereji mdogo, ili maji ya masika yasikimbilie kwa jirani.

Lango tulilifanya la bati zima lisilo na matundu, nalo hufungukia ndani. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, Mtume (S.A.W.) aliamua iwe na upana wa dhiraa saba, yaani mita 3 na kidogo. Njia ni haki ya wapitao, na lango la mtu halifai kuila.

Kazi iliyokuwa iishe kwa siku mbili ilichukua wiki mbili. Mama yetu sasa hushukia barazani, hatazamwi na mtu. Na eda ilipokwisha, mgeni wa kwanza kuja kumjulia hali kwa kupitia lango lile alikuwa Bi Mkubwa mwenyewe, na sinia la mahamri mkononi.

Enyi wazazi wenzetu, kabla ya kumwita fundi, waulizeni kwanza wanawake wa nyumba zote mbili. Wao ndio wakaao na ukuta mchana kutwa, na wao ndio wajuao unasitiri nini.