Mchuuzi wa Forodhani Si Benki

Tangu Machi 28, 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni nchini Tanzania ziko wazi: ni marufuku kutangaza bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha ya nje. Fedha halali ni shilingi. Na tangu kanuni hizo zitoke, kila ninapokaa na watu wa utalii nasikia ombi lilelile. Wenye hoteli watii, wenye nyumba za kupangisha watii, ila abiria wa meli za kitalii waachwe walipe kwa dola zao, maana hawa hushuka asubuhi na kuondoka jioni.

Nalipinga ombi hilo. Nalipinga kwa ajili ya watu walewale wanaodaiwa kutetewa nalo: mwuza vikapu, dereva wa teksi, mkamua miwa, na vijana wa makachu wanaoruka baharini pale Forodhani, Zanzibar, ili mgeni awatuze.

Wanaoomba msamaha huo wana hoja tatu. Ya kwanza ni muda. Abiria ana saa nane au tisa nchi kavu, na hataki kuipoteza mojawapo akitafuta pa kubadilisha fedha. Ni kweli, na nitairudia hoja hii mwishoni. Ya pili ni ushindani: eti tukimsumbua abiria, meli itatupita iende Mombasa. Lakini Mombasa nako kuna shilingi yake, na meli kubwa hupangiwa bandari zake muda mrefu kabla ya safari, kwa kuangalia kina cha maji, nafasi gatini, usalama na vivutio vya mji. Norway ina krone yake na haitumii euro, na bado meli hujaa Bergen kila kiangazi. Ya tatu ni kwamba Serikali yenyewe hutoza viza kwa dola, 50 kwa wageni wengi na 100 kwa Wamarekani. Hilo nalo ni kweli. Ila Serikali ina akaunti za dola, na Benki Kuu iko nyuma yake. Mwuza vikapu ana mfuko wa aproni.

Hapo kwenye mfuko wa aproni ndipo lilipo jambo lenyewe, na ndipo watetezi wa dola wasipotaka kuangalia. Wanazungumza kana kwamba mgeni akiruhusiwa kulipa kwa dola, kazi ya kubadilisha fedha inatoweka. Haitoweki. Dola ile haiwezi kununua unga, haiwezi kulipa daladala wala ada ya mtoto. Lazima ibadilishwe na mtu fulani, mahali fulani, kwa bei fulani. Tunachoamua ni nani aibebe kazi hiyo pamoja na hasara yake: mgeni mwenye kadi mbili za benki, au mama aliyetandika vikapu chini tangu alfajiri.

Tuangalie fedha inayomfikia mama huyo. Ndani ya meli abiria hashiki noti. Kinywaji, zawadi na chakula cha ziada huandikwa kwenye hesabu ya chumba chake, na ziara za mjini ameshazilipia hukohuko melini. Kinachoshuka naye ngazini ni fedha ya mfukoni: noti za dola moja moja, za tano tano, na sarafu za euro zilizobaki tangu safari ilipoanza. Noti ya mia ameiacha kwenye kasha la chumbani.

Sasa nenda na noti hizo duka la kubadilisha fedha. Soma ubao. Mara nyingi utakuta bei ya noti za 50 na 100 imeandikwa peke yake, na ya noti ndogo imeandikwa chini yake, ikiwa pungufu. Noti iliyochanika inarudishwa, iliyoandikwa kwa kalamu inarudishwa, na zile za matoleo ya zamani maduka mengi hayazigusi. Sarafu ndiyo usiseme. Dola na euro za chuma hazina soko hapa, kwa sababu gharama ya kuzirudisha zinakotoka inazidi thamani yake.

Tupige hesabu kwa mfano. Kikapu kinauzwa shilingi 25,000, na faida ya mama ni 5,000. Tuseme dola ni shilingi 2,500, hivyo mgeni anatoa noti kumi za dola moja na wote wawili wanaridhika. Dukani noti hizo ndogo zinanunuliwa kwa 2,200, na moja imechanika, inakataliwa. Mama anaondoka na 19,800. Amepungukiwa 5,200. Ameuza kikapu, ameshukuru, amepigwa picha na mgeni, na amepata hasara. Nauli ya kwenda dukani na kurudi sijaihesabu.

Mtaniambia mchuuzi si mjinga, hujilinda kwa kupandisha bei. Hujilinda, ndiyo. Badala ya dola kumi anataja kumi na tano, na mgeni mwenye simu yenye kikokotoo anaona ameibiwa. Hivyo ndivyo tunavyojenga ile sifa mbaya ya kwamba watu wa bandarini ni walaghai, ilhali mtu alikuwa anajikinga na hasara tuliyomtwika sisi.

Niliwahi kusimamishwa Shangani na kijana aliyefungua kiganja kilichojaa sarafu za euro. “Mzee wangu,” akaniambia, “huna noti nikupe hizi?” Zilikuwa kama euro kumi na mbili, tuzo za siku mbili za makachu. Sikuwa na noti. Akaniambia hungoja watalii wenye huruma, awaombe wampe noti, nao wachukue sarafu zao wenyewe zirudi kwao. Kijana ametoa jasho, amelipwa, kisha analazimika kuomba ili malipo yake yawe fedha.

Ndiyo maana uvumilivu unaniishia ninaposikia mambo haya yakiitwa ukarimu. Ukarimu ni mwenye nyumba kutoa kilicho chake. Anayeamua dola zipokelewe barabarani mara nyingi hulipwa kwa hawala ya benki, na hajapata kubaki na sarafu ya euro mkononi. Anakuwa mkarimu kwa mfuko wa mwuza vikapu. Huko ni kumsukumia mnyonge mzigo na kumtaka atabasamu akiubeba.

Pwani hii si ngeni kwa fedha za watu. Riale za Maria Theresa zilizunguka hapa, na rupia ilitumika Zanzibar mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Kubadilisha fedha ni kazi inayotaka mtaji na ujuzi, na ina watu wake. Haipaswi kuangukia kwa muuza mishkaki.

Sasa nairudia hoja ya muda, kwa sababu hapa Serikali nayo ina deni. Huwezi kumwambia mgeni alipe kwa shilingi kisha usimwoneshe shilingi ilipo. Lipa namba ya simu haimsaidii: hana laini yetu, na hatapanga foleni na pasipoti kusajili laini ya siku moja. Mashine ya benki inamkata ada, halafu inampa noti za elfu kumi ambazo mwuza maji hana chenji yake. Na anaogopa kubaki na shilingi asizoweza kuzitumia bandari inayofuata.

Dawa yake ipo na haina ugumu. Langoni mwa bandari, Malindi ya Zanzibar na Dar es Salaam, liwepo dirisha la kubadilisha fedha linalofunguka meli inapotia nanga na kufungwa abiria wa mwisho anaporudi. Ubao wa bei uonekane kutoka ngazini. Litoe noti za elfu moja, mbili na tano. Lizinunue tena shilingi zilizobaki, kwa risiti, kabla mgeni hajapanda. Na akijua kuwa hapo langoni hana budi kubadilisha, atashuka na ile noti ya mia iliyo kasheni, ambayo ndiyo inayohitajiwa na nchi.

Hata langoni si lazima kungoja. Maofisa wa uhamiaji na wa afya ya bandari hupanda melini kufanya kazi yao abiria wakiwa bado ndani. Keshia mmoja wa benki apande nao na sanduku la shilingi. Mgeni ashuke akiwa nazo mkononi, anunue kikapu kwa 25,000, na mama arudi nyumbani na 25,000.