Kabla ya kupiga Windows, okoa mafaili

Kompyuta mpakato ikianza kuwa nzito, ikiganda katikati ya kazi na kuchukua dakika nyingi kuwaka, wengi wetu huipeleka kwa fundi, na mafundi wengi wana jibu moja tu: ipigwe Windows upya. Utaratibu huo umepinduka. Kazi ya kwanza mezani pa fundi iwe kunakili mafaili ya mteja, ya pili kupima afya ya diski, na Windows ije baada ya hapo, kama bado itahitajika.

Sababu imo ndani ya diski yenyewe. Hadi diski ya kompyuta mpakato ina visahani vinavyozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, huku vichwa vya kusomea vikielea juu yake bila kuvigusa. Kipande kidogo cha kisahani kikichakaa, diski hujaribu kukisoma tena na tena, na muda wote huo programu iliyoomba faili hungoja. Hapo ndipo kioo kinapoganda, kishale kikagoma na taa ya diski ikawaka bila kuzima. Kwa macho ya mwenye mashine, hali hiyo haina tofauti na virusi. Sasa Windows ikipigwa, na maandishi mapya yakaelekezwa kwenye kipande kibovu, diski hukitenga kipande hicho kimyakimya na kutumia kingine cha akiba. Mashine hurudi nyepesi, mteja hulipa na kushukuru, na ubovu huendelea chini kwa chini. Kama mafaili hayakunakiliwa kwanza, hesabu za duka na tasnifu ya chuo huenda zimeshafunikwa na maandishi mapya, na ukarabati wenyewe ndio umezipoteza.

Ushahidi wa hatari hii si wa kubahatisha. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha utafiti wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini. Waligundua kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji katika ukaguzi wake wa ndani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Diski hujiwekea kumbukumbu za makosa ya aina hii, ziitwazo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzisoma kwa sekunde chache. Sioni udhuru wa fundi kufuta mashine ya mtu bila kuzitazama.

Atasema fundi kwamba si kila mashine nzito ina diski mbovu, na ni kweli. Ramu ndogo huilemea mashine programu zikifunguliwa nyingi, na ikapata nafuu zikifungwa. Vumbi kwenye feni huichemsha hadi ikapunguza kasi yenyewe. Lakini mafaili yakinakiliwa na diski ikaonekana nzima, kilichopotea ni muda tu. Yakiachwa na diski ikafa, hakuna ramu itakayoyarudisha. Wengine huamini kwamba kipimo kikisema diski ni nzima, basi kunakili hakuna haja. Utafiti uleule unawajibu: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na dalili yoyote katika vipimo vinne vinavyoaminika zaidi. Kipimo kibaya kinatosha kuihukumu diski, ila kipimo kizuri hakiisafishi.

Pingamizi la gharama ndilo zito, maana diski ya nje si kila mtu anaimudu. Hata hivyo nyaraka za mtu mmoja mara nyingi hutosha kwenye flashi, na za kuanza nazo ni zile zisizopatikana kwingine. Filamu zinaweza kungoja. Fundi anaweza pia kuiwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, ili diski mbovu isibebe mzigo wa Windows wakati wa kunakili. Diski ikianza kutoa mlio wa tik-tik, izimwe hapo hapo. Na mwenye diski ya aina ya SSD asijione salama. Haina visahani, kwa hiyo haitoi mlio, na inaweza kufa ghafla. Tena ikishafutwa, mara nyingi husafisha nafasi zake kiasi kwamba hata mtaalamu wa kurejesha mafaili hapati kitu.

Nawaomba mafundi waandike hali ya diski kwenye risiti, kama wanavyoandika bei. Nawe unayepeleka mashine, usikubali ifutwe kabla hujaoneshwa mafaili yako yakifunguka kwenye flashi.