Kabla Hujafomati

Ndugu msomaji, nina ombi. Leo jioni ukimaliza kula, fungua yule mtoto wa meza asiyefunguka mpaka avutwe kwa mikono miwili. Ndani kuna chaja za simu zilizokufa, funguo za makufuli yaliyopotea, risiti zilizofutika wino, na huenda kuna kile kidude cha muziki alichokuja nacho ndugu kutoka ng'ambo. Yawezekana ni iPod, Sansa au Creative, au ni MP3 ya Kichina isiyo hata na jina. Usikitupe. Usimpe mtoto akichezee. Zaidi ya yote, usimpelekee mtu akakufutia kilichomo kabla hujajua kilichomo ni nini.

Changu ni iPod iliyotoka mwaka 2005, yenye GB 30 na mgongo wa chuma uliokuwa unang'aa kama kioo cha kinyozi. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alikuja nayo likizo, pamoja na kipaza sauti kidogo cha kuchomeka. Usiku mmoja tukiwa barazani alimwekea bibi mbele yake, bibi akaanza kusimulia jinsi alivyoolewa. Aliporudi Muscat akaniachia. Nikasikiliza nyimbo zake weee, mpaka simu zikaanza kubeba nyimbo, nayo ikaingia kwenye mtoto wa meza. Bibi akafariki. Miaka ikapita.

Siku nilipoikumbuka sauti ile nilikuwa na laptopu mpya, na laptopu mpya ilikuwa na matundu membamba ya USB-C peke yake. Waya wa iPod una kichwa kipana cha USB ya zamani upande mmoja, na upande wa pili ule mdomo mpana wa pini 30. Nikanunua kiunganishi, bei ndogo tu. Nikachomeka, iPod ikaanza kuchaji, lakini laptopu ikanyamaza kimya. Nusu siku nzima nililaumu iPod, kumbe mkosa ni waya. Waya mwingi unaouzwa barabarani hubeba umeme tu, nyuzi za data hazimo kabisa. Nilipopata wenye data, laptopu iliiona papo hapo. Hapo ndipo hatari ilipoanza.

Ujumbe ukatokea ukiniambia kwa adabu zote kwamba diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, na je, nifomati? Kidole kilikuwa juu ya kitufe tayari.

Sababu ya ujumbe ule ni nyepesi, na ningependa kila fundi aijue. iPod zile zenye diski, ikiwa mara ya kwanza ilitengenezwa kwenye kompyuta ya Mac, huandikwa kwa mtindo uitwao HFS+. Ikitengenezwa kwenye Windows, huandikwa kwa FAT32. Mac inaisoma mitindo yote miwili. Windows, ndiyo iliyomo kwenye laptopu yangu, haijui HFS+, na mjomba alikuwa mtu wa Mac. Ni sawa na kumpa barua ya babu, iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kijana anayejua herufi za Kilatini tu, naye akakuambia: karatasi hii imechafuka, nikuoshee?

Aliyeniokoa ni binti wa jirani anayesomea kompyuta. Laptopu yake kuukuu inatumia Ubuntu, na sikuacha kutabasamu kwamba jina lenyewe ni utu wetu huu huu kwa lugha za ndugu zetu wa kusini. Mfumo wa Linux unaisoma HFS+, na diski za aina ile kwa kawaida huzifungua kwa kusoma tu, bila kuandika. Maana yake hata ukikosea hutaharibu kitu. Kwenye folda iitwayo Recordings tulikuta faili saba. Katika la kwanza bibi anauliza, "Hii redio inanisikia?" Mjomba anamjibu, "Inasikia, mama." Kisha kinasikika kikombe cha kahawa kikiwekwa chini.

Nyimbo nazo zilikuwepo, zimefichwa ndani ya iPod_Control, kwenye folda za F00, F01 na kuendelea, kila wimbo umepewa herufi nne zisizo na maana. Ukizikuta hivyo usishtuke. Jina la wimbo na la mwimbaji yamo ndani ya faili lenyewe. Nakili yote, yafungue kwa VLC, majina yatajitokeza.

Watu wengi wanaamini kompyuta mpya zimevikataa vifaa hivi. Si kweli hata kidogo. iPod ya kwanza, iliyotangazwa tarehe 23 Oktoba 2001 ikiwa na GB 5, ilizungumza na Mac peke yake, tena kwa waya wa FireWire, na hiyo kweli inasumbua leo. Lakini zilizofuata zikahamia USB, na USB ya jana na ya leo zinaelewana. Kilichobadilika ni umbo la tundu na programu. Kwenye Mac, tangu mwaka 2019, iTunes imeondolewa na iPod inaonekana kwenye Finder, mahali pale pale unapoona flashi. Kwenye Windows iTunes bado ipo. Apple walitangaza Mei 2022 kwamba iPod ya mwisho haitatengenezwa tena, watu wakasoma tangazo hilo kama cheti cha kifo cha zile zilizomo majumbani. Yangu inalia vizuri tu.

Ila iangalie sana hiyo iTunes. Ukichomeka iPod kwenye kompyuta isiyoijua, inaweza kukuuliza kama ifute kilichomo na kuweka nyimbo za kompyuta hiyo. Jibu ni hapana. Ukitaka usalama zaidi, shikilia Shift na Ctrl pamoja wakati unachomeka kwenye Windows, au Command na Option kwenye Mac ya zamani yenye iTunes, ili isianze kujioanisha yenyewe. Na ikiwa iPod yenye gurudumu imeganda, bonyeza Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja mpaka tufaha litokee, kisha haraka shikilia cha katikati na cha kucheza. Itaingia kwenye hali ya diski, na hakuna kitakachofutika.

Wenye Sansa, tazameni kwenye mipangilio penye USB. Mkiona MTP na MSC, chagueni MSC kifaa kionekane kama flashi. Mac hasa haiielewi MTP bila msaada. Na ukiona mgongo wa kifaa chochote umebinuka, betri imevimba: usikichaji, mpelekee fundi aitoe. Ukisikia diski inagonga-gonga ndani, usiiwashe na kuizima kwa udadisi. Kila kuwasha ni kupunguza siku zake. Iunganishe mara moja, toa sauti za watu kwanza, nyimbo baadaye, maana nyimbo nyingi utazipata kwingine.

Sasa nageukia kwenu mafundi wa Kariakoo, wa Luthuli, wa Darajani, nanyi wenye vibanda vya kuingizia watu nyimbo. Binamu yangu alipeleka iPod yake kwa fundi mmoja kwa sababu ilikuwa inaganda. Akarudishiwa siku ya pili, imesafishwa, inafanya kazi kama mpya, na ndani hamna kitu. Mlikuwa na mawaidha ya baba yake aliyoyarekodi akiwa hospitali. Simlaumu fundi. Aliambiwa itengenezwe, akaitengeneza. Ninachowaomba ni swali moja tu kabla ya kubonyeza: "Humu mna sauti ya mtu wenu?" Swali hilo halipunguzi hata shilingi kwenye malipo yenu. Mteja akisema hajui, nakilini kwanza. Nanyi wateja msisubiri kuulizwa, semeni mapema.

Vijana wenye laptopu, hasa zenye Linux au Mac, mna hazina msiyoijua. Mzee wa jirani hana haja ya kujifunza HFS+ ni nini. Anahitaji dakika ishirini zako. Mkishatoa sauti, ziwekeni mahali pawili, mathalani kwenye flashi na kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumba hiyo, na mbadilishe jina la faili liseme nani anaongea, wapi, mwaka gani. Faili letu la kwanza lilikuwa tarehe tupu. Leo linataja jina la bibi na la baraza yetu. Na tafadhali, msilirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla wenye marehemu hawajalisikiliza wao wenyewe; bibi yetu kwenye faili la nne anasema mambo kuhusu mahari ya watu ambayo bado yanaweza kuvunja udugu.

Mtaani kwetu tumeanza. Jumamosi ya kwanza baada ya Alasiri tulikaa barazani, mimi na binti wa jirani, na waya wa pini 30, viunganishi viwili na laptopu yake. Alikuja mwenye iPod nano, akaja mwenye Sansa iliyopasuka kioo, akaja na mama mmoja na kaseti tisa ndani ya mfuko wa rambo, kwa sababu alisikia tunafufua muziki wa zamani. Hatukumrudisha. Kaseti ni kazi nyingine kabisa, lakini tumeziandika majina, na sasa tunatafuta redio ya kaseti inayozungusha vizuri. Mwenye nayo atuambie. Jumamosi hii tupo tena, na kahawa ipo.