BOSI WA FREMU, KOKOTO YAKO INAMSUBIRI NANI HAPO BARABARANI?

Dongobesh inajengwa, hilo halina ubishi. Fremu zinachipuka kama uyoga kando ya barabara ya Mbulu kwenda Haydom, na mabosi wake (majina kapuni) hawaishi kutupia picha mtandaoni: ukuta umefika lenta, fundi yuko juu, chini kaandika "Mungu ni mwema". Safi sana. Ila kuna kitu kwenye picha hizo huwa hakionekani. Ni lile lundo la kokoto na mchanga lililomwagwa pembeni ya barabara, palepale wanapopita wenye baiskeli.

Sasa mwenye baiskeli afanyeje? Kabeba gunia la vitunguu saumu nyuma, hawezi kushuka na kukokota kila akikuta lundo. Anaingia katikati ya barabara. Nyuma yake fuso linakuja mbio, na dereva hakutegemea kumkuta hapo. Usiku ndo balaa kabisa. Tahadhari yenyewe ni tawi la mti, mbuzi akishalila basi, imebaki bahati ya mtu!

Akianguka, maneno yanaanza. "Si angeangalia mbele?" "Baiskeli yenyewe haina taa!" Sawa, anayeendesha usiku bila taa anakosea. Lakini taa haihamishi kokoto. Mchana kweupe, mwenye taa na asiye na taa wote wanasukumwa kwenye njia ya fuso.

Wa kwanza kuulizwa ni aliyemwaga mzigo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kujiwekea vitu kwenye hifadhi ya barabara bila kibali. Na mabosi wanaijua hifadhi hiyo vizuri tu: TANROADS wakipaka X nyekundu ukutani, wanatoka na futi kamba kuhesabu mita moja moja. Ikifika zamu ya kumwaga kokoto, eti mita zote zimesahaulika.

Kinachotakiwa si mamilioni. Kokoto iingie ndani ya kiwanja. Kiwanja kikiwa kidogo, mzigo uletwe kidogo kidogo, uzungushiwe utepe unaong'aa, na uondoke kabla ya giza. Viongozi wa eneo nao wasisubiri mtu akimbizwe Hospitali ya Haydom ndo waitishe kikao.

Bosi anayelipia tripu tano za kokoto hashindwi kuwalipa vijana wawili wa kusukuma toroli.